Mbwa Wazururao Usiku na Mifugo ya Mjini: Ushauri kwa Wafugaji wa Katoro

Swali linalonifikia mara kwa mara kutoka kwa wafugaji wa Katoro, wa Buseresere ng'ambo ya mpaka wa Chato, na wa vitongoji vilivyozizunguka biashara na machimbo ya Mkoa wa Geita, liwe limetoka kwa mama afugaye kuku nyuma ya duka lake au kwa mzee mwenye mbuzi wachache katika kiwanja alichonunua kwa fedha ya dhahabu, halianzi kwa kuuliza habari za banda wala za chanjo. Huanza kwa sumu. "Nitie sumu gani katika nyama?" Na kabla ya ombi hilo huja kisa ambacho kwa wote ni kimoja: alfajiri mlango umekutwa wazi, mbuzi wawili wamekwisha kufa, wa tatu amechanwa paja, manyoya ya kuku yametapakaa hadi barabarani, na jirani akasema kuwa aliwasikia mbwa upande wa jalala lakini hakuona haja ya kutoka.

Nawajibu wote kwa pamoja, na jina la sumu halimo katika jibu langu. Yaliyomo ni banda, taka, chanjo, na namna ya kusema na jirani, maana kundi lile lililokutia hasara limelishwa na sisi wenyewe mchana kabla ya kula mifugo yetu usiku.

Mbwa hawa ni wa nani?

Aghalabu mfugaji huamini kwamba kundi lililomwingilia ni la mbwa koko wasio na mwenyewe, waliotoka porini au wilaya nyingine. Uchunguzi uliofanywa kwa miaka mingi katika nchi yetu, hususan katika wilaya zinazopakana na hifadhi ya Serengeti, umedhihirisha kinyume chake: mbwa walio wengi kati ya hao wazururao wana nyumba wanayorudi na mtu anayewaita kwa jina, ila hawafungwi na hawashibi. Katika nchi ya machimbo pana sababu nyingine juu ya hiyo. Wachimbaji wadogo hufuga mbwa wa kulinda duara, karasha na mifuko ya mawe, na rashi inapozuka mahali pengine watu huhama na zana zao na vyungu vyao, mbwa akabaki akizunguka kambi iliyokufa, hata njaa ikamwongoza mjini.

Tena kuna jambo la majira. Jike likiwa katika joto, hali ambayo huchukua yapata majuma matatu na humrudia takriban mara mbili kwa mwaka, madume ya mitaa kadhaa humfuata, na mbwa yule ambaye peke yake humkimbia hata mtoto mwenye fimbo, akiwa kati ya wenzake sita huthubutu asilolithubutu. Kwa hiyo ukiona madume yamelala nje ya lango la jirani mchana kutwa, jua ya kwamba usiku huo na wa kesho yake mifugo yako imo hatarini zaidi, ukachukue hadhari mapema.

Kabla ya jambo lolote jingine, angalia kwa usiku mbili tatu kundi linatokea upande gani na linarudi upande gani, ukaandike rangi na alama za kila mbwa. Daftari hilo litakufaa huko mbele.

Ni mbwa kweli, au ni mnyama mwingine?

Watu wengi hulaumu kabla ya kutazama, wakatia kinga isiyowafaa. Tazama mzoga kabla hujauondoa:

- Mbwa huuma hovyo, kwenye mapaja, miguu ya nyuma, masikio, mkia na koo. Hujeruhi wengi kwa mara moja, na mara nyingi huondoka pasipo kula cha maana.
- Fisi huja kula. Huburuta, huvunja mifupa mikubwa, na huacha kidogo mno, au asiache kitu.
- Kuku walioshambuliwa na mbwa hutawanyika uwanjani wakiwa wametafunwa; nguchiro na kicheche hupenya tundu dogo, wakang'ata kichwa na shingo.
- Udongo uliofukuliwa chini ya uzio, na nywele zilizonasa kwenye waya, ni shahidi wa mbwa.

Piga picha za nyayo na za majeraha kabla umati haujakanyaga uwanja. Sisemi hivi kwa ajili ya fidia peke yake: katika nchi hii ya Geita na Shinyanga habari ya fisi haikawii kuhama kutoka kwenye mifugo ikaangukia vikongwe wenye macho mekundu wanaosingiziwa uchawi, na picha ya wazi ya unyayo wa mbwa inaweza kumwondolea jirani yako asiye na kosa balaa kubwa kuliko mbuzi wawili.

Banda: hapa ndipo fedha yako iende kwanza

Msomaji atasema kwamba banda imara ni ghali, na mimi nakubali. Lakini hesabu bei ya beberu mmoja mnadani, kisha uilinganishe na bei ya mabanzi, misumari na mawe, uone ni ipi iliyo ghali. Mabanda mengi niliyoyaona yamejengwa ili mnyama asitoke, wala hayakujengwa ili adui asiingie, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Waya mwembamba wa kuku, mathalan, humzuia kuku kutoka, lakini mbwa mwenye njaa huupasua kwa meno kwa muda mfupi. Panapofikiwa na mbwa sharti utumie wavu mnene wa kuchomelea au mabanzi yaliyopigiliwa karibu karibu.

Fuata utaratibu huu, ukianzia chini kwenda juu, kwa kuwa mbwa naye huanzia chini:

1. Chimba mfereji wenye kina cha sentimita 30 kuzunguka banda au uzio, uteremshe wavu humo, kisha ushindilie mawe. Ikiwa ardhi ni ya mwamba na haichimbiki, laza wavu juu ya ardhi kuelekea nje kwa upana wa sentimita 60, uufunike kwa mawe makubwa. Mbwa hufukua pale uzio unapogusana na ardhi, na akikuta waya chini ya kucha zake huacha.
2. Uzio uwe na urefu usiopungua mita moja na nusu, na ukiweza ufike mita 1.8. Ondoa kuni, matofali, ndoo na marundo ya mbolea yaliyoegemezwa nje, kwa kuwa hayo humsaidia mbwa kupanda.
3. Ikiwa banda la mbuzi ni la kuinuliwa lenye sakafu ya fito, ziba pande zote za chini. Nimeona mbuzi waliong'atwa kwato na viwele kupitia nafasi za fito, mwenye mali akastaajabu kuwa mlango haukufunguliwa.
4. Mlango uwe na makomeo mawili, moja juu na moja chini. Komeo la juu peke yake huuacha upande wa chini ukisukumika, na mbwa huingiza kichwa, kisha mabega.
5. Fungia mifugo kabla ya magharibi wala usingoje giza. Mbuzi au nguruwe anayekaribia kuzaa asilale nje abadan, kwani harufu ya uzazi husafiri mbali.

Wengi huuliza juu ya ua wa minyaa na katani, ambao wazee wetu wa Usukuma waliutumia tangu zamani. Ni ua mzuri, na bei yake ni jasho tu. Ila minyaa ikishakua hunenepa juu ikaacha mianya chini, ndipo mbwa wanapopita kama mlangoni. Panda katani kwenye mianya hiyo, au uijaze miiba. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni huumiza sana na waweza kuharibu macho, basi wakati wa kukata watoto wakae mbali, nawe ugeuze uso.

Sasa onyo ambalo ni la hapa kwetu. Kwa kuwa marudio ya machimboni hupatikana bure na hushindiliwa vizuri, wako watu wanaoyatandaza kama sakafu ya banda au kuyajazia mfereji wa uzio. Usifanye hivyo. Mchanga uliopita kwenye mialo na makarasha huwa na mabaki ya zebaki, na kuku huudonoa mchana kutwa; utakuwa umemkinga kuku na mbwa ili umle yeye pamoja na sumu.

Juu ya taa za sola sina mengi. Humsaidia mwenye banda kuona anapotoka nje, lakini mbwa aliyezoea mji haogopi taa. Atakayeiweka aiweke baada ya kumaliza kazi ya chini.

Kosa la mbuzi wa kamba

Katika viwanja vitupu vya Katoro mbuzi hufungwa kwa kamba asubuhi, mwenyewe akaenda dukani au mwaloni, akamrudia jioni. Mbuzi huyo hawezi kukimbia, hawezi kupanda juu ya kitu, na akizunguka kwa hofu hujinyonga mwenyewe. Ikiwa huna mtu wa kumtazama, mwache bandani ukamkatie majani. Na ikiwa ni lazima afungwe nje, afungwe pale ambapo mtu yumo daima, karibu na fundi cherehani, gereji au mama lishe, kwa makubaliano na mtu huyo.

Chakula kinachowaita

Hata ukijenga ngome, kundi litaendelea kupita mlangoni pako maadamu meza yao imetandikwa mita mia kutoka hapo. Meza hiyo ni matumbo na mifupa ya buchani, makombo ya migahawa, mabaki ya siku ya mnada, na, jambo ambalo wafugaji hawapendi kuambiwa, mizoga ya mifugo yetu wenyewe tunayoitupa jalalani. Kuku waliokufa kwa mdondo na nguruwe waliokufa kwa homa ya nguruwe ya Afrika wakitupwa wazi, mbwa huburuta vipande vyao kutoka uwanja hadi uwanja, na ugonjwa ukasafiri pamoja navyo. Hapo mbwa amekudhuru bila kumgusa mnyama wako hata mmoja.

Mambo ya kufanya ni haya:

- Kondo la nyuma la mbuzi, ng'ombe au nguruwe lifukiwe saa ile ile, pamoja na matandiko yaliyoloa damu.
- Mzoga ufukiwe kwa kina cha mita moja na nusu au zaidi, uwekewe mawe juu kabla ya udongo wa mwisho. Usiutupe katika shimo la uchimbaji lililoachwa, kwani kingo zake huporomoka, na maji yake huweza kufika kisimani.
- Vichwa vya mbuzi na kondoo, na maini yenye malengelenge, mbwa asipewe vibichi. Katika ubongo wa mnyama anayezunguka kwa kizunguzungu huwamo watoto wa tegu; mbwa akiula tegu hukua tumboni mwake, mayai yakatoka katika kinyesi, mbuzi wako wakayala pamoja na majani.
- Wenye bucha waendewe na wafugaji kwa umoja wao, kabla ya kwenda kwa mtendaji. Pipa lenye kifuniko kizito na mtu mmoja wa kulimwaga kila jioni ni jambo dogo, na mwenye bucha atalikubali akiombwa kwa adabu kuliko akishtakiwa.

"Lakini kwa nini tusiwaue tu?"

Najua pingamizi hili, na wanaolitoa wamepata hasara ya kweli, basi nalijibu kwa urefu.

Kwanza, nyama iliyotiwa dawa ya wadudu haichagui. Huliwa na kuku wa jirani, na mbwa wa mlinzi aliyechanjwa, na tai, na huokotwa na mtoto. Na mbwa aliyeila hukimbilia maji, akafia kisimani au penye lambo. Pili, sheria haiko upande wako: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekataza ukatili kwa wanyama, na mtu binafsi anayetandaza sumu mtaani hujitia katika dhima ambayo mbuzi wake wawili hawaiwezi kuilipa.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, njia hiyo imekwisha kujaribiwa na watu wengine, ikawashinda. Katika kisiwa cha Flores nchini Indonesia kichaa cha mbwa kiliingia mwaka 1997, na wakuu wa huko wakaamuru mbwa wauawe kwa wingi. Mbwa wakafa, watu wakaleta wengine ili walinde nyumba zao, na ugonjwa ukabaki. Katika Bali, ulipoingia mwaka 2008, walianza vivyo hivyo, na nafuu ikaonekana pale tu mbwa walipochanjwa kisiwa kizima. Sababu yake si siri: unapomwua mbwa aliyechanjwa umeondoa kinga mtaani, na nafasi yake huchukuliwa na mbwa mchanga asiye na chanjo, ilhali chakula kile kilichomlisha wa kwanza kingali pale pale.

Mtu atasema, "Mbona wakubwa wenyewe hufanya msako?" Msako wa serikali, ukitangazwa, ni amri yao na dhima yao. Wewe siku hiyo mfunge mbwa wako ndani, na kadi yake ya chanjo uiweke karibu.

Mtu aking'atwa

Nimeyaacha mambo ya mbuzi kwa kitambo kwa sababu katika kumwokoa mbuzi watu huingiza mikono kinywani mwa mbwa. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishatokea kwa mwanadamu, hakina dawa inayotegemewa. Kwa makadirio yanayotajwa na Shirika la Afya Duniani huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Lakini kabla ya dalili kutokea huzuilika, na muda huo kwa kawaida ni mwezi 1 hadi 3. Kwa hiyo:

1. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kwa saa ya mkononi wala si kwa kukisia. Maji ya dumu yakimiminwa na mtu mwingine yatafaa. Kuosha huku peke yake hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa.
2. Kisha tia iodini au spiriti ukiwa nayo. Usipake mafuta ya taa, tumbaku, pilipili, majivu wala majani.
3. Nenda hospitali au kituo cha afya siku ile ile. Piga simu kwanza uulize kama chanjo ipo, kwani haiwekwi katika kila zahanati, na siku iliyopotea kwa kwenda na kurudi ni siku iliyopotea.
4. Kama damu imetoka, uliza juu ya dawa ya pili, ile ya kinga ya papo hapo inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Kidonda kisishonwe kwa haraka. Uliza pia juu ya sindano ya pepopunda.
5. Maliza sindano zote. Katika ratiba zinazotumika sana siku ya kwanza huhesabiwa 0, zikafuata ya 3 na ya 7, na nyingine kwa kadiri daktari atakavyoandika. Kuacha katikati kwa kuwa kidonda kimepona ni kosa linaloua.

Wako wanaoogopa kwa sababu ya habari za zamani za sindano nyingi za kitovuni. Siku hizi huchomwa begani, tena ni chache. Wako wanaosema kwamba mbwa alikuwa mzima, kwa hiyo hapana haja. Lakini mbwa huweza kuambukiza siku kadhaa kabla ya yeye mwenyewe kuonekana mgonjwa. Na wako wanaodhani kuwa chanjo hii ni mzaha wa jana, nao wajue kwamba Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeng'atwa na mbwa mwaka 1885, na mtoto huyo akaishi.

Katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15, na mtoto huficha jeraha kwa kuogopa kuadhibiwa kwa kuchokoza mbwa. Mtazame mwilini, wala usimpige.

Mbwa aliyeng'ata, akikamatika bila hatari, afungwe akaangaliwe kwa siku 10. Akiwa mzima zote, hakuwa akitoa ugonjwa siku ile alipong'ata. Chanjo ya mtu hata hivyo isingoje siku hizo. Mbwa mwenye dalili wazi, anayetokwa mate, anayeyumba, anayeng'ata miti na mawe, aachwe kwa afisa mifugo, naye akilazimika kuuawa kichwa kisipondwe, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa, na Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Mwanza.

Asubuhi baada ya mifugo kushambuliwa

Vaa glovu, au mifuko ya nailoni mizima mikononi, kwa sababu mate ya mbwa yangali juu ya nywele za mbuzi. Osha majeraha kwa maji mengi na sabuni, kata nywele zilizo pembezoni, ukague na upande wa ndani wa mapaja na chini ya shingo, ambako jino huacha tundu dogo juu na uharibifu mkubwa chini. Mwite afisa mifugo. Usichome dawa ya dukani kwa kukisia, wala usifunge kidonda kikazibika, kwa maana jino la mbwa hupanda uchafu ndani. Tazama funza kila siku hadi pakauke.

Mnyama aliyeng'atwa atengwe, na hapa pana kosa ambalo ningependa kila mfugaji alikatae. Ng'ombe au mbuzi aliyeambukizwa kichaa, majuma au miezi baadaye, hulia kwa sauti isiyo yake, hutokwa mate na hushindwa kumeza. Mwenyewe akadhani amekwamwa na kitu kooni, akaingiza mkono hadi kiwiko. Usiingize mkono. Usimchinje ukaila nyama, usiiuze, wala maziwa yake yasinywewe. Najua kuuza nyama haraka ndiyo fikra ya kwanza ya mtu aliyepata hasara, lakini anayechuna na kupasua kichwa cha mnyama huyo hujitia hatarini, na yeye mara nyingi ni kijana wa bucha asiyejua lolote.

Mbwa wako mwenyewe

Mfugaji anayelalamikia mbwa wa wengine naye ana mbwa, na aghalabu hulala wazi. Hebu tuanze naye.

- Achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi itunzwe. Siku ya chanjo ya kampeni chukua na watoto wa mbwa, hata wasiotimiza umri huo. Huachwa nyumbani kwa kudhaniwa ni wachanga mno, nao mwaka ule wote hubaki bila kinga.
- Usiku awe ndani ya uzio wako. Mbwa anayelinda mtaa mzima halindi banda lako.
- Jike likiingia joto lifungiwe majuma yote matatu. Dume lihasiwe ukipata daktari.
- Apewe dawa ya minyoo inayoua tegu, yaani yenye prazikwanteli, kila baada ya miezi mitatu.
- Alishwe nyumbani kwa saa maalumu. Mbwa mwenye njaa hana nidhamu.

Mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa katika mji, na kazi ikarudiwa kila mwaka kwa kuwa mbwa hufa upesi na kuzaliwa upesi, ugonjwa hukosa njia. Pemba waliushinda hivyo. Ukaingizwa tena mwaka 2016 kwa mbwa waliovushwa kutoka nje ya kisiwa, wakauondoa kwa mara ya pili kwa chanjo ile ile. Wanaotoa udhuru kwamba vijijini hakuna friji wajue ya kuwa watafiti wa hapa Tanzania wameonyesha kwamba chanjo ya mbwa huvumilia miezi mitatu katika joto la nyuzi 30, nao wakaitunza katika mitungi ya udongo inayopozwa kwa maji. Basi udhuru huo usiwazuie wazee wa kitongoji kwenda kwa afisa mifugo kuomba siku ya chanjo.

Msomaji Mwislamu aliyeniuliza kama inamjuzia kufuga mbwa kwa ajili ya banda lake aulize kwa shehe wake. Ila yajulikana kwamba mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda wametengwa katika katazo la kufuga mbwa, na jirani yake asimwone amekosa.

Ikiwa mbwa ana mwenyewe

Usiende kwake siku ile ile ukiwa na panga na ghadhabu. Nenda kesho yake, pamoja na mtu mzima mmoja anayeheshimiwa na nyote wawili, nawe uwe na vitu vinne: picha, daftari lako la rangi na alama za mbwa, jina la aliyeshuhudia, na maandishi ya afisa mifugo juu ya majeraha. Bei ya mnyama iwe ile ya mnadani juma lile, kwa maana ukitaja bei ya matumaini yako utapoteza haki ya madai yote. Akikataa, peleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji, ukiulizia pia sheria ndogo za halmashauri juu ya mbwa wasiofungwa.

Akikubali, usitoke na ahadi ya mdomo. Yaandikwe mapatano, nyote mtie sahihi, na ndani yake mtaje fidia na siku ya kuilipa, mahali mbwa atakapofungwa usiku, na tarehe ya chanjo yake. Na kama alimng'ata mtu, ziandikwe vilevile zile siku 10 za kumwangalia, nani atamlisha, amefungwa wapi, na ni nani atakayempigia simu afisa mifugo iwapo atakufa au atatoroka kabla hazijaisha.